Mwisho wa Neno la Kiarabu: Upi Hugeuka, Upi Hukaa? Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Wanaouliza maswali haya mara nyingi ni watu wanaosoma Kiarabu bila kusitasita, hata wenye sura ndefu vifuani, ila hawajawahi kuelezwa kwa nini neno lile lile hapa lina dhamma (sauti u) na pale lina kasra (sauti i). Nimeyapanga jinsi yanavyozaana. Maneno ya Kiarabu nimeyaandika kwa herufi zetu za kawaida, na sauti ndefu nimeirudufu: kitaabun, muslimuuna.

Kwa nini tunasema Allaahu akbar, kisha astaghfirullaaha, kisha bismillaahi? Jina si moja?

Jina ni moja, kazi ndizo tatu. Katika Allaahu akbar, jina limeanza sentensi na habari zake zinafuata. Ni mubtadaa, na hali yake huitwa raf'u. Katika astaghfirullaaha, jina limeangukiwa na kitendo: ni Yeye anayeombwa msamaha. Hapo ni mafuuli, na hali yake ni nasbu. Katika bismillaahi limeambatanishwa na neno ismi, "jina la Allah", likawa mudhaafu ilayhi, na hali yake ni jarri.

Wengi hudhani kasra ya bismillaahi imeletwa na ile bi ya mwanzo. Sivyo. Bi imekwisha kazi yake kwenye ismi. Kasra ya Allaahi imetokana na kule kuambatanishwa. Mtu akilitambua hilo, kazi nyingine zote zitamjia kwa wepesi, maana ameshajifunza kuuliza: ni nini hasa kilichoutikisa mwisho wa neno hili? Hicho kilichoutikisa ndicho wanachoita aamili.

Basi iirabu ni nini, na binaa ni nini?

Iirabu ni kugeuka kwa mwisho wa neno kwa sababu ya aamili iliyoliingia. Binaa, neno lenye maana ya kujenga, ni mwisho huo kukaa palepale ije aamili yoyote. Neno linalogeuka ni muurabu; linalokaa ni mabnii, yaani limejengwa.

Chukua ar-rajulu, "mwanamume". Jaa'a r-rajulu, amekuja. Ra'aytu r-rajula, nimemwona. Marartu bir-rajuli, nimepita kwake. Sasa weka haa'ulaa'i, "hawa", mahali pake: jaa'a haa'ulaa'i, ra'aytu haa'ulaa'i, marartu bihaa'ulaa'i. Aamili ni zile zile tatu, lakini kasra ya haa'ulaa'i haijatikisika.

Katika maelezo hayo shika maneno mawili: mwisho na aamili. Kitaabun kugeuka kuwa kutubun (vitabu) si iirabu, kwa sababu badiliko liko tumboni mwa neno. Hilo ni suala la sarfu, elimu ya maumbo ya maneno. Na mwisho ukigeuka bila aamili, hiyo pia si iirabu, kama tutakavyoona kwenye min.

Hii iirabu ndiyo zile irabu za shuleni, a, e, i, o, u?

Asili ni neno moja, ila maana zimepeana mkono wa kwaheri. Kiswahili kililichukua kikalifanya jina la sauti zenyewe. Katika Kiarabu sauti fupi za herufi huitwa harakaati, na iirabu ni ile kazi ya kugeuka. Ndiyo maana naliandika kwa i mbili. Nahau nayo ilitutendea vivyo hivyo: kwa Waarabu ni elimu ya sentensi nzima, na kwetu wengi wanaisikia kama misemo tu.

Kitabu, kalamu, rafiki: zile sauti za mwisho ni mabaki ya iirabu?

Hapana, ingawa dhana hii inavutia. Kiswahili hakipendi silabi ya mwisho iishie konsonanti, basi kilipochukua kitaab, qalam na rafiiq kiliongeza sauti yake. Aghalabu baada ya herufi ya midomo kama b, f au m iliwekwa u: kitabu, adabu, kalamu, salamu. Baada ya nyingi nyingine iliwekwa i: rafiki, haki, bahati, wakati. Ingekuwa ni iirabu, tungesema "nimenunua kitaba" na "ndani ya kitabi". Mwanafunzi anayesema fil-kitaabu amekileta Kiswahili ndani ya Kiarabu. Sahihi ni fil-kitaabi.

Nitajuaje lipi linageuka na lipi linakaa?

Anza na yanayokaa, maana ndiyo machache. Harfu, yaani vineno ambavyo si majina wala vitendo, zote ni mabnii, hakuna hata moja iliyochomoka: min, fii, 'an, hal, lam, inna, wa. Kitendo kilichopita, yaani maadhi, ni mabnii. Amri nayo ni mabnii kwa kauli inayofundishwa karibu kila mahali. Mudhaarii, yaani kitendo cha sasa au kijacho, peke yake ndiyo inayogeuka kati ya vitendo, isipokuwa imeshikwa na nuni ya wanawake au nuni ya mkazo imegusana nayo moja kwa moja.

Majina asili yao ni kugeuka. Yanayokaa yana makundi yake: ya nafsi (huwa, anta, nahnu, pamoja na -hu na -ka zinazoning'inia), ya kuonyesha (haadhaa, dhaalika, haa'ulaa'i), ya kurejesha (alladhii, allatii), ya kuuliza na ya sharti (man, maa, mataa, ayna, kayfa), na baadhi ya yale ya mahali na wakati (haythu, idh, al-aana, amsi). Ongeza yale yanayobeba maana ya kitendo, kama hayhaata. Hata aamiina tunayoitikia dua imo humo: ni jina lenye maana ya "itikia", limejengwa juu ya fatha (sauti a).

Kuna waasi wachache. Ayyu, "yupi", hugeuka ilhali ndugu zake wa kuuliza wamekaa. Na ya kuonyesha au kurejesha yanapokuwa ya wawili hubadilika: haadhaani katika raf'u, haadhayni katika nasbu na jarri.

Na neno lililojengwa si lazima lijengwe juu ya sukuni, yaani kukosa sauti. Man na kam ni sukuni, ayna na kayfa ni fatha, haythu na nahnu ni dhamma, amsi na haa'ulaa'i ni kasra.

Dhamma na raf'u si kitu kimoja?

Hapa ndipo wanapozama watu wengi kuliko mahali pengine popote, kwa hiyo nitakaa.

Raf'u ni hali. Dhamma ni alama. Hali ni cheo cha neno ndani ya sentensi. Alama ni nguo inayokionyesha cheo hicho. Cheo kimoja kinaweza kuvaa nguo mbalimbali, na nguo moja inaweza kuvaliwa na vyeo tofauti. Hali ziko nne: raf'u, nasbu, jarri na jazmu. Majina huingia katika tatu za kwanza na hayana jazmu kabisa. Vitendo huwa na raf'u, nasbu na jazmu, na havina jarri kabisa.

Sibawayhi, mwanasarufi mashuhuri wa Kiarabu aliyefariki karibu mwaka 180 Hijria, aliliona jambo hili mapema mno. Karibu na mwanzo wa kitabu chake anasema miisho ya maneno hupita katika njia nane, kisha anazitaja: nasbu, jarri, raf'u, jazmu, fat-hu, kasru, dhammu na waqfu (hapa kwa maana ya sukuni). Msomaji wa haraka atasema amerudia, kwa sababu masikio husikia sauti nne tu. Hakurudia. Nne za kwanza ni majina ya mwisho ulioletwa na aamili na unaoweza kuondoka nayo. Nne za pili ni za mwisho ulioshikamana na neno bila kuletwa na yeyote. Kwa hiyo haythu ina dhamma lakini si marfuu (iliyo katika raf'u), na ayna ina fatha lakini si mansubu (iliyo katika nasbu). Mwanafunzi akiandika "haythu: marfuu", amekosea, hata kama sauti aliyoitaja ipo.

Neno lililojengwa nalo huwa na cheo, ila halina nguo ya kukionyesha. Ndiyo maana katika kuchambua husemwa: haa'ulaa'i, mabnii juu ya kasra, mahali pake ni raf'u.

Kwa nini baba yake Mtume Ali aitwe Abu Talib, na mwana aitwe Ali bin Abi Talib?

Kwanza nirekebishe swali, kwa kuwa nalipata hivi hivi: Ali ni swahaba na khalifa, si mtume. Ama Abu na Abi, ni neno lile lile. Abuu ni miongoni mwa majina matano (abuu, akhuu, hamuu, fuu, dhuu) ambayo hayavai alama za kawaida yanapoambatanishwa na neno jingine. Huvaa herufi: wau katika raf'u, alifu katika nasbu, yaa katika jarri. Jaa'a Abuu Taalib. Ra'aytu Abaa Taalib. Na baada ya bin, ambalo limeambatanishwa nalo, Abii Taalib.

Wapenzi wa hadithi wanayo nafasi nzuri zaidi ya kujifunza, na huipita kila siku: 'an Abii Hurayrata. Harfu 'an imeleta jarri, abii imeipokea kwa yaa. Hurayrata nayo iko katika jarri kwa kuwa ni mudhaafu ilayhi, lakini ina fatha! Sababu ni kwamba ni jina la mtu lenye taa ya kike, na majina ya aina hiyo hayakubali tanwini (ile n ya mwisho ya kitaabun) wala kasra; jarri yao huonyeshwa kwa fatha. Kundi hilo huitwa mamnuu mina s-sarfi, na ndani yake wamo Ibraahiimu, 'Umaru, 'Aa'ishatu na wingi wa umbo la masaajidu. Likipata al- au likiambatanishwa, kasra hurudi: fii masaajida kathiiratin, lakini fil-masaajidi.

Basi ndani ya maneno matatu una jarri mbili na hakuna kasra hata moja.

Alama nyingine za kuazima ni zipi?

Wawili: alifu katika raf'u, yaa katika nasbu na jarri (muslimaani, muslimayni). Wingi wa kiume uliosalimika, yaani ambao umbo la umoja halikuvunjika: wau, kisha yaa (muslimuuna, muslimiina). Wingi wa kike uliosalimika: nasbu yake huonyeshwa kwa kasra. Aya ya 44 ya Suratul-Ankabut inaweka mambo mawili ubavu kwa ubavu: khalaqa llaahu s-samaawaati wal-ardha. Mbingu na ardhi, zote zimeumbwa, zote ni nasbu. Moja kwa kasra, nyingine kwa fatha.

Kataba, katabtu, katabuu: huo mwisho si unageuka? Vipi maadhi iitwe mabnii?

Unageuka sauti, ndiyo, lakini hakuna aamili iliyougeuza. Sukuni ya katabtu imeletwa na tu iliyopachikwa nyuma, na dhamma ya katabuu imeletwa na wau. Ni mgeni aliyeketi mkiani, si amri iliyotoka mbele. Weka aamili unayotaka kabla ya kataba, itabaki kataba.

Mbona min huwa mina, na 'an huwa 'ani? Harfu nazo zinageuka?

Ni daraja tu. Kiarabu hakivumilii sukuni mbili kukutana, hivyo min ikikutana na al- hupewa fatha, mina l-bayti, na 'an hupewa kasra, 'ani l-bayti. Sauti hiyo si alama ya cheo chochote. Bado min imejengwa juu ya sukuni. Kanuni hii iweke karibu, utaihitaji kwenye jibu linalofuata.

Mudhaarii hugeukaje, na inabadilisha maana au ni pambo?

Ikiwa peke yake ni raf'u: yaktubu. Ikitanguliwa na an, lan au kay ni nasbu: lan yaktuba. Ikitanguliwa na lam au laa ya kukataza ni jazmu: lam yaktub. Jina lenyewe mudhaarii maana yake ni "kinachofanana", kwani wanasarufi walikiona kinafanana na jina, na kufanana huko ndiko kulikokipa haki ya kugeuka.

Kuhusu maana, hakuna mfano uliowahi kuushinda ule wa samaki na maziwa. Laa ta'kuli s-samaka wa tashra... na sasa ngoja mwisho. Ukisema tashrabi l-labana, kwa jazmu, umekataza vyote viwili: usile samaki, na usinywe maziwa. Ukisema tashraba, kwa nasbu, umekataza kuvichanganya tu. Kimoja kimoja ruhusa. Ukisema tashrabu, kwa raf'u, samaki umemkataza na maziwa umeyaachia. Mlo mzima unategemea herufi ya baa. (Na ile kasra ya tashrabi isikudanganye kuwa ni jarri: kitendo hakina jarri. Ni daraja la sukuni mbili, kama 'ani.)

Kuna sura tano za mudhaarii ambazo alama yake si haraka bali nuni: yaktubaani, taktubaani, yaktubuuna, taktubuuna, taktubiina. Nuni ikiwapo ni raf'u. Ikianguka ni nasbu au jazmu. Katika Suratul-Baqara aya ya 24 zimefuatana: fa'in lam taf'aluu wa lan taf'aluu. La kwanza ni jazmu, la pili ni nasbu, na sikio halisikii tofauti. Lam na lan ndizo zinazotoa ushahidi.

Mitego mizuri iko katika sura hiyo hiyo, aya ya 237: illaa an ya'fuuna aw ya'fuwa lladhii... Wanafunzi husimama hapa: an imetangulia, mbona nuni ya ya'fuuna haikuanguka? Kwa sababu si nuni ile. Hii ni nuni ya wanawake, "ila wasamehe wao wanawake", na wau iliyo kabla yake ni ya asili ya kitendo. Nuni ya wanawake hukijenga kitendo juu ya sukuni, na kilichojengwa hakisikii an. Angalia ya pili, ya'fuwa: haina nuni hiyo, imegeuka, ikavaa fatha yake waziwazi.

Kwa nini wengine wanasema amri ni muurabu?

Ni ugomvi wa kale wa wanasarufi wa miji miwili, Basra na Kufa. Watu wa Basra walisema uktub imejengwa. Watu wa Kufa walisema ni mudhaarii iliyo katika jazmu, asili yake litaktub, kisha lamu ikafichwa. Matokeo ya sauti ni yale yale. Ukifundishwa ya Basra, shika hiyo na usonge mbele.

Muusaa haligeuki kamwe. Basi ni mabnii?

Swali zuri, na jibu ni la. Muusaa ni muurabu, ila mwisho wake ni alifu, na alifu haiwezi kubeba haraka yoyote. Dhamma, fatha na kasra zipo kwa makadirio, zimekosa mahali pa kukaa. Al-qaadhii, aliyetuletea kadhi, ana nusu ya tatizo hilo: yaa inaweza kubeba dhamma na kasra lakini ni nzito ulimini, kwa hiyo hufichwa, fatha ni nyepesi, hutokeza: ra'aytu l-qaadhiya. Aidha alama za neno lililoambatanishwa na yaa ya msemaji, kama kitaabii, hufichwa kwa kuwa yaa hiyo imeshalazimisha kasra kabla yake.

Tofauti na haadhaa ni hii: kwa Muusaa kizuizi kiko kwenye herufi ya mwisho tu, kwa haadhaa neno zima ndilo lililofungwa.

Alama zikifichika, mpangilio hushika usukani. Dharaba Muusaa 'Iisaa: aliyepiga ni Muusaa, hakuna kujadiliana, kwa kuwa hakuna kingine cha kututofautishia. Lakini akala l-kummathraa Muusaa haina shida, kummathraa ni pea, na pea haijawahi kumla mtu.

Alama zikionekana, basi mpangilio uko huru?

Huru kwa kiasi kikubwa. Suratu Faatir aya ya 28: innamaa yakhsha llaaha min 'ibaadihi l-'ulamaa'u. Aliyetajwa kwanza ana fatha, ndiye anayechwa. Wanavyuoni wamekuja mwisho wakiwa na dhamma, ndio wanaomcha. Kiswahili kingeweka mtenda mbele. Kiarabu kimemweka mwisho ili ukomo uangukie kwake: ni wao wanaomcha kweli. Asiyesikia miisho anaweza kuisoma aya hii kinyume kabisa.

Ni kweli nahau ilianza kwa sababu ya kosa la mwisho wa neno?

Ndivyo inavyosimuliwa, na masimulizi yanatofautiana kuhusu nani alisikia na wapi. Lililo mashuhuri ni la mtu aliyesoma aya ya 3 ya Suratu Tawba, anna llaaha barii'un mina l-mushrikiina wa rasuuluhu, akaitamka rasuulihi. Kwa dhamma, Allah na Mtume wake wamejitenga na washirikina. Kwa kasra, Allah amejitenga na washirikina na Mtume wake pia. Abul-Aswad ad-Du'alii, aliyefariki mwaka 69 Hijria, anasimuliwa kuwa alimketisha mwandishi akamwambia aangalie midomo yake: nikiifungua weka nukta juu, nikiikusanya weka nukta ubavuni, nikiishusha weka nukta chini. Majina fatha, dhamma na kasra yanabeba picha hiyo ya kufungua, kukusanya na kuvunja.

Kuna kisa kingine cha kale nikipendacho zaidi. Bedui alimsikia mwadhini akisema ash-hadu anna Muhammadan rasuula llaah, kwa fatha, akauliza: "Amefanya nini?" Hakuwa anadhihaki. Kwa raf'u, rasuulu, sentensi imetimia: Muhammad ni Mtume wa Allah. Kwa nasbu, rasuula limekuwa maelezo tu ya Muhammad, na habari yenyewe bado inasubiriwa.

Kwa nini baadhi ya majina yalijengwa?

Jibu la wanasarufi ni kwamba yamefanana na harfu. Mengine ni mafupi kama harfu, mathalani tu ya katabtu. Mengine yana maana inayobebwa na harfu, kama mataa lenye maana ya kuuliza. Mengine hayawezi kusimama bila kijazio, kama alladhii, ambalo ukilitamka peke yake msikilizaji ataendelea kukutazama mdomoni. Binafsi naona maelezo haya yalitungwa baada ya lugha kuwapo, ili kuipangia rafu zake. Mwarabu wa jangwani hakusema ayna kwa fatha kwa sababu alilinganisha na harfu. Ila kwa kukumbuka yanasaidia sana.

Je, neno moja linaweza kuwa muurabu hapa na mabnii pale?

Ndiyo. Qabla na ba'da hugeuka katika qabla s-salaati na min qabli s-salaati. Ukilikata neno lililofuata huku maana yake ukiiweka moyoni, hujengwa juu ya dhamma. Ndivyo ilivyo katika Suratu Ruum aya ya 4: lillaahi l-amru min qablu wa min ba'du. Min ipo, kasra haipo. Jina baada ya laa ya kukanusha jinsi nzima nalo hujengwa juu ya fatha: laa ilaaha. Na anayeitwa kwa jina lake hujengwa juu ya dhamma: yaa Muhammadu, bila tanwini.

Na hesabu za kumi na moja hadi kumi na tisa?

Sehemu zote mbili zimejengwa juu ya fatha. 'Alayhaa tis'ata 'ashara, katika Suratul-Muddathir aya ya 30, mahali pake ni raf'u lakini husikii dhamma. Kumi na mbili imechomoka: sehemu yake ya kwanza hugeuka kama neno la wawili, ithnaa 'ashara na ithnay 'ashara.

Mbona nikisimama mwisho wa aya sisomi hizo alama?

Kwa sababu ya waqfu, hapa kwa maana ya kusimama. Ukisimama, al-'aalamiina huwa al-'aalamiin, na tanwini ya fatha huwa alifu: kitaaban, kitaabaa. Sukuni hiyo ni ya kupumzika, haihusiani na binaa. Mazungumzo ya kila siku ya Waarabu nayo yameacha karibu iirabu yote, na magazeti huchapishwa bila harakaati. Wasomaji wake huziweka kichwani.

Nikae vipi na sentensi ili niichambue?

Uliza kwa mpangilio huu, usiruke: limejengwa au linageuka? Kama linageuka, aamili yake ni ipi? Imeleta hali gani? Alama ya hali hiyo kwa neno la aina hii ni ipi? Makosa mengi hutokea kwa kuanza na la mwisho.

Jaribu na unayoijua: al-hamdu lillaahi rabbi l-'aalamiina. Al-hamdu linageuka, limeanza sentensi, hivyo ni raf'u kwa dhamma. Li ni harfu, imejengwa juu ya kasra. Llaahi ni jarri kwa sababu ya li. Rabbi ni sifa inayofuata jina lililo kabla yake, jarri kwa kasra. Al-'aalamiina ni mudhaafu ilayhi, jarri kwa yaa, kwa sababu linahesabiwa pamoja na wingi wa kiume uliosalimika. Fatha ya nuni yake haionyeshi chochote, na ukisema ni nasbu kwa ajili ya fatha hiyo, umeangalia nuni badala ya yaa.

Swali la mwisho, la mtego: jina la Sibawayhi mwenyewe linageuka?

Haligeuki. Qaala Siibawayhi, ra'aytu Siibawayhi, kitaabu Siibawayhi: mtenda, mtendwa na mwenye kitu, kasra ile ile. Majina yanayoishia kwa -wayhi hujengwa juu ya kasra, na hivyo ndivyo anavyofundishwa mtu yule aliyezigawa njia nane.